Banda la Wanaosubiri

Huko walikofika hapakuwa na saa moja.

Kwao, saa moja huwa saa moja kwa sababu jua limetoka na mtu anaweza kuanza kuhesabu: saa mbili, saa tatu, mpaka adhuhuri, mpaka jua lizame na hesabu ianze upya upande wa pili. Hapa jua halikutoka. Gari lisilo na magurudumu liliwashusha mbele ya nyumba ya magogo, likateleza, likapotea, nao wakabaki wamesimama na mizigo yao juu ya theluji, chini ya mbingu rangi ya wino. Ardhi ilikuwa nyeupe kuliko mbingu, kana kwamba dunia imepinduliwa na mwanga sasa unatoka chini. Bi Mize, mama yake Vuai, bibi mzee aliyevalishwa makoti mawili juu ya kanga zake, aligeuza uso huku na huku akauliza, "Saa ngapi sasa?"

Vuai akatazama mbingu. Mkasi, mkewe, akamtazama Vuai. Kidawa, binti yao mdogo, akatoa ulimi apate kuonja kinachodondoka.

Walikuja kwa sababu huko walikotoka bahari ilikuwa imeingia visimani, minazi ikafa ikiwa imesimama, na watu wakaanza kuoga maji yaliyowaacha na chumvi kwenye nyusi. Walikuja pia kwa sababu kijiji hiki cha kaskazini kilikuwa kimetangaza kwamba kinatafuta familia. Nyumba ipo. Kuni zipo. Anatakiwa seremala. Vuai alikuwa seremala. "Mahali panapoita kazi yangu," alisema, "ni mahali panaponijua." Bi Mize alikataa kuja. Alisema amechoka kuhama, na kwamba mifupa yake imeshazoea joto. Mwanawe akambembeleza, akamlilia, mwisho akambeba.

Watu wa kijiji walikuwa wamejipanga kando ya njia, wachache, wote wa makamo na wazee, kila mmoja na taa mkononi. Aliyetangulia mbele alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizoganda, jina lake Osvik, mkuu wa mahali pale. Aliongea lugha isiyo yao, nao wakamwelewa, kama mtu anavyoelewa maneno ya ndotoni bila ya kujua yamesemwa kwa lugha gani.

"Karibuni," alisema. "Tunawakaribisha sisi, na wanawakaribisha wanaosubiri."

"Wanaosubiri nini?" Mkasi akauliza.

"Majira," alijibu Osvik, kisha akamgeukia Vuai. "Wewe ndiye fundi? Tuna upungufu wa viti."

Nyumba ilikuwa na joto. Jiko la kuni lilikuwa limewashwa kabla hawajafika, na jirani yao, mwanamke aliyeitwa Ingri, mwenye mikono mikubwa na macho ya mtu asiyelala vizuri, aliwaletea supu ya samaki na mkate mgumu mweusi. Hakukaa kitako. Alimtazama Bi Mize kwa muda, akamtazama Mkasi, akatoka kama mtu aliyebadili nia ya kusema jambo.

Vuai akaanza kazi. Osvik alitaka viti vyenye egemeo refu, na katika kila egemeo matundu mawili ya kupitishia mkanda. Vuai aliuliza mkanda wa nini. "Ili mtu asidondoke," akaambiwa. Basi akatengeneza. Mbao za huko zilikuwa laini na zilinukia, na harufu yake ilimfurahisha. Jioni, yaani pale walipoamua wenyewe kwamba sasa ni jioni, alirudi na maranda ya mbao kwenye nywele na kusema kwamba mambo yatakaa sawa.

Lakini Bi Mize alikuwa akinywea. Si ugonjwa ambao mtu angeuonyesha kwa kidole. Alikaa karibu na jiko, akimwita Kidawa "mke mwenzangu", akimtania kwamba wakirudi kwao watagombania bwana. Hakuwa mtu wa kumwambia mwenzake neno bila kumwita kwanza. Mwanawe alimwita "baba". Paka wa Ingri alipoingia ndani alimwita "mpangaji". Mkasi tu ndiye aliyekosa jina. Tangu alipoolewa, miaka yote ile, alikuwa "yule". Mwambie yule alete maji. Mwambie yule chumvi imezidi. Mkasi alikwisha kuacha kuumia, au aliamini hivyo.

Siku moja, wakati Vuai yuko karakana na Kidawa anacheza mlangoni, Mkasi alikuwa akimpaka mavyaa wake mafuta ya nazi miguuni. Yalikuwa yameganda kwenye kopo, ikabidi ayayeyushe kwanza viganjani.

"Mwanangu," akasema Bi Mize.

Mkasi akainua uso kutazama kama Vuai ameingia. Hakukuwa na mtu. Akashtuka kama aliyechomwa sindano.

"Ndiyo, mama."

"Nikifa, nizike siku hiyohiyo. Usimwachie Vuai. Vuai tangu utotoni hajui kuachia kitu. Alikuwa na kuku mgonjwa, kuku akafa, akalala naye mpaka ukawa uvundo nyumba nzima. Unasikia? Sanda yangu iko chini ya sanduku, nimekuja nayo. Usinicheleweshe juu ya ardhi."

"Usiseme hivyo, mama. Bado upo."

"Nipo. Ndiyo maana nasema."

*

Alikufa kikombe cha chai kikiwa mkononi. Hakuomba chochote, hakupiga kelele. Mkasi alimsemesha, akamsemesha tena, kisha akaona mvuke wa chai unapanda mbele ya uso usiokuwa na mvuke wake. Akakitoa kikombe vidoleni mwake, vidole vikibisha kimoja kimoja, akakiweka chini taratibu, kama vile kukimwaga ndilo lingekuwa baya zaidi. Halafu akapiga ukelele uliomfanya Kidawa aangushe kila alichoshika.

Vuai alikuja mbio. Kijiji nacho kikaja. Mkasi alitazamia mtu aseme pole, au aweke mkono kifuani, au walau ainamishe kichwa. Hakuna. Osvik alisimama mlangoni na kofia yake kichwani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ameanza kusubiri."

"Amefariki," Mkasi akasema.

"Hapa hatusemi hivyo wakati wa baridi. Ardhi imefunga. Mtu ambaye ardhi haijamchukua hajamaliza. Tutamweka na wenzake mpaka barafu iyeyuke."

Vuai alikuwa amepiga magoti, paji la uso limegusa goti la mama yake. Aliinua kichwa aliposikia maneno yale. Mkasi aliona kitu kikipita machoni mwa mumewe, na kitu kile kikamtisha kuliko machozi. Lilikuwa tumaini.

"Hajamaliza?" Vuai akauliza.

"Hajamaliza," akasema Osvik.

Wakambeba pamoja na kiti alichokalia. Mkasi aliwafuata akipiga kelele kwamba hajaoshwa, kwamba sanda ipo, kwamba siku hiyohiyo, siku hiyohiyo. Theluji ikayameza maneno kama inavyomeza nyayo. Nyuma ya nyumba ya mwisho palikuwa na banda refu lisilo na dirisha. Mlango ulifunguliwa, taa zikainuliwa.

Walikuwa wamekaa.

Safu kwa safu, wanaume kwa wanawake, kwenye viti vyenye egemeo refu, mikanda imepita vifuani. Ukungu wa barafu ulikuwa kwenye kope zao. Mbele ya kila mmoja palikuwa na sahani, na katika kila sahani chakula kilichoganda. Mkasi alivitambua viti vya mbele. Aliitambua kazi ya mumewe, namna anavyozungusha pembe za mbao ili zisimuumize mtu. Kimoja kilikuwa kitupu. Bi Mize akaketishwa hapo, akafungwa mkanda, na mtu akamnyoosha kanga kichwani kwa upole mkubwa, upole ambao ndio uliomfanya Mkasi arudi nyuma hatua moja.

Kwani ukatili angeuelewa. Angepigana nao. Lakini mtu afanyeje na upole wa namna ile? Amekaa. Mama amekaa. Aliyekufa hakai. Aliyekaa hajafa. Kwa hiyo. Kwa hiyo nini, Mkasi? Tangu azaliwe alijua kwamba kifo ni mlango, na mlango huwa umefunguliwa au umefungwa. Hakupata kufikiri kwamba kuna watu wanaoweza kuushika mlango kwa mkono, ukae nusu, na kuishi vizuri kabisa katika upenyo ule, wakila, wakicheka, wakiulizana habari za kuni. Na akajiuliza, huku meno yakigongana, ni nani hasa mwenye haki ya kusema kwamba mtu amekufa. Mwenyewe hawezi kusema. Ardhi, wanadai, imefunga mdomo. Basi wamebaki walio hai, na walio hai hapa wamekataa kulisema.

"Ni wengi," alimwambia Osvik. "Ni wengi kuliko nyinyi."

"Ndiyo," Osvik akasema kwa fahari. "Hatufanyi jambo bila kuwauliza. Tuliwauliza kama mje. Wakakubali. Tumebaki wachache mno wa kuwapelekea sahani."

*

Baada ya hapo siku, kama ni siku, zikapita.

Vuai akawa mtu wa kwenda bandani. Alikuwa akienda na sahani na kurudi na sahani ya juzi iliyoganda, na kila aliporudi uso wake ulikuwa mkunjufu zaidi. Mwanzoni alisema tu kwamba amekaa naye kidogo. Kisha akaanza kuleta habari. Mama amesema madirisha yazibwe. Mama amesema Kidawa asicheze na paka. Mama hataki tuhamishe kitanda. Mkasi alimjibu mara ya kwanza, akamjibu mara ya pili, kisha akanyamaza, maana hakuna anayeweza kubishana na mtu ambaye hayupo chumbani.

Wakati mmoja walikuwa mezani. Vuai alionja mchuzi, akaweka kijiko chini, akasema mbele yake, kwa hewa, kwa sauti nyembamba iliyokatika mwishoni:

"Mwambie yule chumvi imezidi."

Haikuwa sauti ya mumewe. Au ilikuwa sauti ya mumewe iliyovaa nguo za mwingine. Alimtazama: taya lilikaa upande kama taya la Bi Mize, kope zilishuka kama zake.

"Baba," akasema Kidawa kwa woga, "unamwambia nani?"

Vuai akapepesa macho kama aliyeamshwa. "Sikusema kitu," akasema, akaendelea kula.

Mkasi alitoka nje bila koti. Ingri alikuwa akipasua kuni kwenye uwanja wake. Alimwona, akatupa shoka, akaja akamfunika shali lake mwenyewe, akamkokota mpaka ndani.

"Wa kwako ni nani?" Mkasi akamuuliza. Hakujua kwa nini aliuliza hivyo. Ilikuwa dhahiri kwamba yupo.

"Mume wangu," Ingri akasema. "Halvar."

"Tangu baridi hii?"

Ingri akacheka bila furaha. "Nilikuwa na nywele nyeusi, dada. Barafu ilipoyeyuka mwaka ule, nilichukua koleo, nikafika mpaka mlangoni. Nikasema, ngoja joto lijalo. Joto lijalo nikasema vilevile. Sote tulisema vilevile. Unadhani hapa jua halitoki kabisa? Hutoka. Ardhi hufunguka, maua huota kila mahali, na sisi huwafunika wale kwa barafu na maranda ya mbao ili wasijue kwamba kumekucha."

Mkasi aliweka mkono mdomoni.

"Kila siku nampelekea sahani," Ingri aliendelea. "Yeye ana umri wa mwanangu sasa, laiti ningezaa. Watu walitaka kunioa. Osvik aliuliza bandani, Halvar akakataa."

"Ulimsikia akikataa?"

"Osvik alimsikia."

*

Hata hivyo lililomsimamisha Mkasi si Ingri. Ni Kidawa. Alimkuta amekaa kwenye kizingiti cha mlango, sahani ya bibi yake iko mapajani, hataki kuingia wala kutoka.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Bibi amenikasirikia."

"Nani kakwambia?"

"Nampelekea chakula, hali. Namhadithia, hajibu. Namtania, nikamwambia bwana nimemchukua mimi, hakucheka." Akaisukuma sahani mpaka magotini. "Baba anasema na yeye. Mzee Osvik anasema anaongea. Ni mimi tu ambaye hasemi na mimi. Nimemfanya nini?"

Mkasi akachuchumaa mbele yake. Alikuwa amejiambia kwamba atangoja, kwamba mgeni hapindui nyumba ya wenyeji, kwamba mumewe atazinduka. Sasa aliona kwamba wakati yeye anangoja, mtoto alikuwa amekaa peke yake na kosa ambalo hakulitenda.

"Kidawa, nisikilize. Bibi hakukukasirikia. Bibi amekufa."

Mtoto akamtazama kwa mshangao mkubwa, kinywa wazi. Kisha akalia. Alilia kilio ambacho alipaswa kulia siku ile kikombe kilipotolewa mkononi mwa bibi yake, akalia mpaka akatapika, na mama yake akamshika kichwa, akimwachia alie, akishukuru ndani ya moyo kila chozi lililoteremka.

Kisha Mkasi akainuka. Siku hiyohiyo, alisema mama. Sawa. Siku huisha jua linapozama. Jua halijazama tangu afe, kwa sababu halijatoka. Basi siku ile bado inaendelea, ndefu, nyeusi, iliyokwama kooni mwa dunia. Na mimi sijachelewa. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Sijapata kuona shimo likichimbwa. Mama alijua hilo, na bado aliniambia mimi.

Alichagua mahali juu ya kilima kidogo nyuma ya nyumba, upande unaotazama kusini walikotoka. Alifagia theluji mpaka akafikia udongo, akaupiga kwa mtaimbo. Mtaimbo ukaruka na kumuumiza viwiko, udongo haukupata hata alama. Akarudi nyumbani, akachukua kuni zote zilizorundikwa ukutani, kuni za baridi nzima, akazipanga kwa urefu wa mtu aliyelala, akamimina mafuta ya taa, akawasha.

Moto ulionekana kijiji kizima. Watu wakatoka mmoja mmoja na taa zao zilizokuwa hazina kazi mbele ya mwanga ule, wakasimama kwa mbali, nyuso zao zimekuwa nyekundu. Baadhi yao walikuwa hawajaonana nyuso vizuri kwa muda mrefu. Mkasi hakuwatazama. Alikuwa akisukuma magogo, akiondoa makaa, akichimba kiganja kimoja cha tope lililolainika, akirudisha makaa, akingoja, akichimba tena. Kuni zilipopungua, akaleta meza. Akaleta vitanda. Ingri akaja na mkokoteni uliojaa magogo, akaumwaga bila neno, akarudi kuleta mwingine.

Ndipo Osvik akafika, na Vuai nyuma yake.

"Nani amekuruhusu?" Osvik akauliza. "Unachoma kuni za baridi nzima. Wewe na mwanao mtaganda."

"Nimeruhusiwa na aliyekufa."

Watu waliguna. Neno lile lilikuwa halijasemwa pale kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi yao waliziba masikio.

"Hapa hakuna aliyekufa," akasema Osvik.

"Yupo mmoja. Anaitwa Mize binti Faki. Ni mama mkwe wangu, nami ndiye niliyekitoa kikombe mkononi mwake."

Vuai akasogea mbele. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira na kitu kingine. "Zima moto, Mama Kidawa. Mama hataki. Nimetoka kwake sasa hivi."

"Amesema hataki," akaunga Osvik. "Mimi pia nimemsikia."

Walikuwa wawili, na nyuma yao banda zima. Lakini Kidawa, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mkokoteni wa Ingri, macho bado mekundu, akajitokeza.

"Bibi amekuitaje?" akamuuliza Osvik.

"Nini?"

"Bibi hamwambii mtu kitu bila kumwita kwanza. Mimi ananiita mke mwenzangu. Paka anamwita mpangaji. Wewe amekuitaje?"

Osvik akatazama watu, akatazama moto. Ndevu zake zilikuwa zinayeyuka, matone yakidondoka kifuani. Alitafuta jina. Kila mtu aliona namna anavyolitafuta, kama mtu anayepapasa mifuko yake yote mbele ya wenzake. Hakulipata.

"Na wewe, baba?" Kidawa akamgeukia Vuai. Hakuuliza kwa ujanja. Alitaka kujua kweli, kwa sababu sehemu yake ndogo ilikuwa bado inatumaini. "Amekuita?"

Vuai alisimama. Taya lake lilikaa upande, likarudi, likakaa upande tena, kana kwamba watu wawili wanagombania uso mmoja. Mkasi alitaka kumkimbilia, akajizuia.

"Hajaniita," Vuai akasema hatimaye, na sauti ilikuwa yake. "Tangu siku ile. Nakaa pale, nasema mimi, najibu mimi. Hajaniita." Akaketi juu ya theluji kama mtoto. "Mimi ndiye niliyemleta huku. Alikataa nikambeba. Nikisema amekufa..."

"Sema," Mkasi akamwambia taratibu.

"Mama amekufa."

Watu waliokuwa wamesimama walirudi nyuma wote kwa pamoja, kama waliomwagiwa maji. Mwanamke mmoja mzee akaanza kuyarudia maneno yale chini kwa chini, si kwa kuyakataa, bali kwa kuyaonja. Osvik aligeuka akaenda zake kuelekea bandani. Walimwona amefungua mlango, amesimama pale na taa yake, akiuliza jambo kwa sauti ya juu, na kuuliza tena, na kungoja.

*

Walimfungua mkanda, wakamtoa bandani wakimpitisha kando ya Osvik, wakamwosha ndani ya nyumba isiyokuwa na vitanda wala meza, juu ya mlango alioung'oa Vuai kwenye bawaba zake. Kwa kuwa alikuwa ameganda amekaa, hakuweza kulazwa. Mkasi na Ingri waliyeyusha theluji kwenye sufuria, wakammiminia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, magotini, nyongani, viwikoni, wakimkanda, wakizungumza naye. Mkasi alimweleza kila anachofanya, kama mtu anavyomweleza mgonjwa. Ilichukua muda mrefu. Halafu magoti yakaachia, mguu mmoja, kisha wa pili, na Bi Mize akanyooka juu ya ule mlango kama mtu aliyefika nyumbani baada ya safari mbaya. Mkasi alishtuka kujikuta anatabasamu. Sanda ilikuwa pale aliposema, chini ya sanduku, imekunjwa pamoja na karafuu maiti.

Vuai alimaliza kuchimba. Alikuwa ameingia shimoni mpaka mabega, akipiga udongo uliokuwa ukitoa mvuke. Alimswalia mama yake, nyuma yake mkewe na mtoto, na nyuma zaidi watu wasiojua linalofanyika lakini waliovua kofia. Kisha akashuka tena, akanyoosha mikono. Mkasi na Ingri wakamteremsha. Alimpokea, akamlaza kwa ubavu, uso kusini iliko kibla, akakaa naye pale chini muda kidogo, na Mkasi akaogopa.

"Baba Kidawa," akamwita. "Toka."

Vuai akazidi kuinama juu ya sanda.

"Mwachie."

Wakasikia pumzi ndefu kutoka shimoni. Kisha mkono wake ukatokea ukingoni, mtupu, wenye tope, nao wakamvuta juu.

Walifukia. Udongo uliochomwa ulikuwa mweusi na wa joto, na Kidawa alitia wa kwake kwa viganja vyote viwili, akivikodolea macho vidole vyake kama asiyeamini kwamba kitu cha joto kinaweza kutoka chini ya mahali pale. Walipomaliza hawakujua wafanye nini. Hapakuwa na wa kuwapikia matanga, wala mkeka wa kukalia, wala nyumba yenye chochote ndani yake. Kwa mara ya kwanza Mkasi aliona vizuri alichokifanya: walikuwa hawana kuni, baridi ilikuwa bado mbichi, mkuu wa kijiji alikuwa bado amesimama mlangoni pa banda na taa yake, na wao hawawezi tena kuondoka, kwa sababu hapa sasa pana mtu wao. Aliketi kando ya kaburi, na ule mshtuko uliokuwa umemshika tangu kikombe kilipopoa ukamwachia, akalia. Vuai akaja akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Ni Kidawa aliyewagusa ili watazame.

Ingri hakuwa ameondoka. Alikuwa ameinama na koleo lake juu ya makaa yaliyosukumwa kando, bado mekundu chini ya majivu. Aliyachota, akatembea hatua chache kutoka kaburi jipya, akayamwaga juu ya theluji. Theluji ikapiga mluzi. Akarudi akachota tena, akayatandaza kwa mstari ulionyooka, akarudi nyuma kuutazama, akaona hautoshi. Alipogeuka, machozi yalikuwa yameganda mashavuni na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona jambo la kutisha na hakukimbia.

"Halvar alikuwa mrefu," alimwambia Vuai. "Nisaidie kuusogeza moto."